Uvimbe wa Kinywa: Tuulize Asili Kabla ya Kutafuta Nafuu

Aghalabu nitelemkapo kutoka Sumbawanga, nikapita Matai na kushuka mteremko wa Ufipa hadi Kasanga kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, huwaona watu ambao macho yetu yamewazoea hata hatuwaulizi tena habari zao: mwanamke aliyejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini kwa kuwa shavu lake limefura, mvuvi alaye ugali kwa upande mmoja wa kinywa, akikunja uso kila tonge ligusapo jino, mtoto anayelia mbele ya bakuli la uji, na kijana mwenye midomo iliyochubuka na kuvimba, ambaye hueleza kwa mkato kwamba homa imemtokea mdomoni. Wote hawa huulizwa swali moja: umetumia dawa gani? Ni nadra mno kusikia swali lililopasa kutangulia, nalo ni hili: uvimbe huu umetokana na nini?

Rai yangu naiweka wazi mapema. Uvimbe wa kinywa, pamoja na muwasho na michubuko inayoandamana nao, ni dalili, na dalili moja yaweza kuwa na asili kumi zisizofanana. Kwa hiyo nyumba inayokimbilia nafuu kabla ya kuitambua asili hulipa mara mbili, kwanza kwa fedha na pili kwa siha, na mara nyingine, kama nitakavyoonyesha, hulipa kwa uhai wa mtoto. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mbona basi tunaona haya kuuliza habari za kiungo ambacho kwacho tunakula, tunasema, tunaomba dua na kumbembeleza mtoto alale?

Ukoga, jino na usaha

Tuanze na asili iliyo ya kawaida kuliko zote. Kila siku juu ya meno hujengeka utando laini, nao ni ukoga, maskani ya vijidudu visivyohesabika. Ukoga usipoondolewa, fizi zilizopakana nao hufura, huwa nyekundu na hutoka damu ziguswapo. Na hapa ndipo kosa la kwanza hutendeka, kwa maana mtu aonapo damu huuweka mswaki kando akidhani anazipumzisha fizi zake, ilhali kwa kufanya hivyo amewaachia vijidudu nafasi ya kuongezeka. Fizi zilizovimba kwa sababu ya ukoga hupata nafuu kwa kusafishwa kwa upole asubuhi na usiku kabla ya kulala, siku baada ya siku bila kukoma, wala aghalabu hazihitaji kidonge. Si lazima mswaki uwe wa dukani. Kijiti cha mti wa mswaki, kilichotafunwa ncha ikawa laini, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kukihimiza tangu miaka ya 1980.

Ukoga huo huo ulishwapo sukari hutoa tindikali itoboayo jino, na leo soda, biskuti na peremende zimefika hata vijiji ambako gari hufika kwa taabu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5, takriban nusu ya wanadamu wote, wana maradhi ya kinywa. Tundu la jino likifika kwenye kiini, kiini hufa, usaha hukusanyika kwenye ncha ya mzizi, na shavu hufura. Hapo jamaa huenda duka la dawa wakaomba rangi mbili, yaani vidonge vya kuua vijidudu, tena nusu dozi kwa kuwa fedha ya dozi nzima haipo. Siku ya tatu uvimbe hushuka, watu hushukuru, na baada ya mwezi hurudi ulivyokuwa. Kwa nini? Kwa sababu dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa kiini halina tena damu ya kuifikisha ndani yake. Jino la namna hiyo ama litibiwe mzizi na kuzibwa, ama ling'olewe kwa ganzi. Hakuna njia ya tatu. Amezaye vidonge huku jino likibaki vile vile ni sawa na mvuvi akumbaye maji chomboni usiku kucha bila ya kuliziba tundu.

Na hasara yake kwa nyumba huipita bei ya vidonge. Kasanga huishi kwa dagaa na migebuka, na dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, wakati mwezi haupo. Mvuvi ambaye jino lake linapwita hawezi kuvuta wavu, na siku za giza hazimngoji, hata zikipita huwa amepoteza kipato ambacho kwacho angelipa madeni ya taa na mafuta na kumnunulia mtoto madaftari. Huku juu nako, mama aliyefura shavu wakati wa palizi huyaacha magugu yakayashinda mahindi, na hasara ya wiki moja huonekana ghalani mwaka mzima. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nafuu ya halali ipo wakati safari ya kwa tabibu ikiandaliwa. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya vuguvugu, mtu akasukutua mara kadhaa kwa siku na kutema, hutuliza fizi. Paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa hupunguza maumivu. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi juu ya shavu hupunguza mpwito. Na chakula kiwe laini, kisicho na pilipili wala joto kali. Karafuu za Unguja na Pemba hutia ganzi kidogo, ila mafuta yake yasipakwe yakiwa makali, maana huunguza. Aspirini haiwekwi juu ya fizi, na maji ya betri na mafuta ya taa, ambayo wapo wanaoyatia jinoni kwa kukata tamaa, hayana nafasi yoyote katika kinywa cha binadamu. Lakini uvimbe ukishuka chini ya kidevu na kuenea shingoni, ulimi ukainuka, kinywa kikakataa kufunguka, mate yakawa hayamezeki au pumzi ikawa nzito, basi hilo si jambo la kungojea asubuhi: njia ya pumzi iko karibu kuzibwa, na mgonjwa afikishwe hospitali usiku huo huo.

Ghala limejaa, fizi zadhoofika

Kwa miongo mingi mkoa wa Rukwa umetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi ya Tanzania. Walakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Yawezekanaje nchi yenye ghala lililojaa iwe na watoto waliopungukiwa? Jibu ni kwamba kushiba si kulishwa, na kinywa ni miongoni mwa mahali pa kwanza panapotoa ushahidi wa jambo hilo.

Mahindi hujaza tumbo, lakini niasini iliyomo ndani yake imefungamana kwa namna ambayo mwili hauipati kwa wepesi. Kwa hiyo mtu anayeishi kwa ugali mtupu, bila maharage, samaki wala karanga, aweza kupatwa na pelagra, ambayo huufanya ulimi kuwa mwekundu, wenye kuvimba na kuwaka moto, na ngozi kubabuka pale ipigwapo na jua. Upungufu wa vitamini B2 hupasua pembe za midomo. Upungufu wa madini ya chuma huuacha ulimi ukiwa laini na wenye kuuma. Na upungufu wa vitamini C huleta kiseyeye, ambapo fizi hufura, hulegea na kutoka damu hata meno yakatikisika. Mwaka 1747 tabibu wa meli James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, na hao wakainuka upesi huku wenzao waliopewa siki na dawa nyingine wakibaki vitandani. Nasaha ile haijachakaa: mwenye kiseyeye cha upungufu hatapona kwa dawa ya kusukutua, hata iwe ya bei gani, atapona kwa chakula.

Na chakula chenyewe kipo miguuni petu. Maembe na mapera ya mwambao, mchicha na matembele yaliyochemshwa kwa muda mfupi yasipoteze nguvu zake, maharage ya Ufipa, na dagaa wa Kasanga wanaoanikwa mchangani hadi wakang'aa kama fedha: hivyo ndivyo vitu ambavyo kinywa kinavililia. Taabu ni kwamba dagaa wale hufungwa kwenye viroba na kupakiwa magari yaendayo mbali, na nyumba iliyokesha kuwavua hubaki na ugali na chumvi. Simlaumu mwenye kuuza, kwa kuwa ana ada na madeni. Namsihi tu aweke akiba ya kisahani kimoja cha mtoto kabla ya kufunga kiroba.

Fauka ya hayo, lipo jambo zito zaidi. Mtoto aliyedhoofika kwa lishe duni, hasa wa miaka miwili hadi sita, na hasa akitoka kuugua surua au malaria, aweza kupatwa na uvimbe wa fizi unaonuka vibaya, ukafuatwa na doa shavuni ambalo kwa siku chache tu hugeuka jeusi na kula nyama ya uso. Maradhi hayo huitwa noma, na mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa. Katika siku za mwanzo dawa za kuua vijidudu, usafi wa kinywa na chakula bora hutosha kuyazuia. Zikipita siku hizo, anayenusurika hubaki na kovu la maisha. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu la maradhi haya ni fizi ya mtoto inayonuka.

Kilichogusa mdomo na kilichomezwa

Si kila uvimbe ni wa vijidudu. Msimu wa maembe ukifika katika mwambao wa ziwa, kuanzia miembe mashuhuri ya Ujiji hadi huku kusini, watoto huyamenya kwa meno, na utomvu ulio katika ganda huwababua midomo na pembezoni mwa kinywa, pakavimba na kuwasha kwa siku kadhaa. Dawa yake ni kuosha kwa maji na sabuni, kupaka mafuta laini, na kumenya embe kwa kisu. Nanasi bichi nalo huukwaruza ulimi. Wapo pia ambao miili yao haipatani na karanga, mayai au samaki fulani. Kwao midomo huvimba dakika chache baada ya kula, na ikiwa ulimi na koo vimevimba, sauti imekauka na kifua kinabana, tiba ni sindano ya adrenalini hospitalini bila kuchelewa hata kidogo.

Aidha, tuangalie kilichomo mfukoni mwa mgonjwa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, mathalani enalapril na captopril, huweza kumvimbisha mtu midomo, ulimi na uso, hata baada ya kuzitumia kwa miezi mingi bila ya dhara, na jambo hili huonekana zaidi kwa watu weusi. Mzee aliyeamka na ulimi mnene asipewe chumvi ya kusukutua. Aulizwe anameza nini, kisha akimbizwe hospitali. Vile vile anayetumia Septrin au dawa nyingine yenye salfa, akaona vidonda kinywani, macho mekundu na ngozi inayochubuka, aache kumeza na arejee kwa daktari siku hiyo hiyo, akiwa na pakiti ya dawa mkononi.

Kuhusu ile homa itokayo mdomoni, vilengelenge vile ni kazi ya virusi viishivyo mwilini kwa miaka mingi, ambavyo huamka mwili uchokapo kwa malaria, mafua au jua kali. Hupona vyenyewe kwa wiki moja au mbili. Walakini huambukiza, kwa hiyo mwenye navyo asimbusu mtoto mchanga wala asichangie kikombe. Utando mweupe kinywani mwa mtoto mchanga, kwa upande wake, ni kuvu ambao hutibika kwa matone ya nistatini. Lakini utando huo ukionekana kwa mtu mzima, huwa mara nyingi ni wito wa kupima kisukari au Virusi vya UKIMWI. Mficha maradhi kilio humfichua, na vipimo hivyo leo hufanywa, na dawa zipo. Na kidonda chochote cha kinywa kisichopona kwa wiki mbili, hasa kwa avutaye sigara au awekaye ugoro mdomoni, kionwe na daktari, maana saratani huanza bila maumivu.

Taya la mtoto

Nimefika penye jambo ambalo kwalo niliona sina budi kuandika. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto ambaye taya zake zilikuwa zimefura kushoto na kulia, juu na chini. Maradhi ya namna hiyo hakuyapata vitabuni, naye hakutosheka kuukata uvimbe na kwenda zake. Alichunguza, akaandika habari zake mwaka 1958, na mwaka 1961 akafunga safari ndefu pamoja na wenzake wawili katika gari kuukuu, wakapita nchi za Afrika Mashariki na Kati, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mnawaona watoto wenye uvimbe huu? Wakatambua kwamba ni saratani ipatikanayo katika nchi za joto zenye mvua ya kutosha, nayo haionekani katika nyanda za juu zenye baridi. Baadaye ilidhihirika kwamba malaria ya mara kwa mara hushirikiana na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 katika kuileta saratani hiyo.

Sasa na tuitazame njia yetu. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kasanga iko takriban mita 770, penye joto na mbu. Kwa hiyo safari ya kilometa mia na ushei humtoa mtu katika baridi ya nyanda za juu na kumwingiza katika nchi ya namna ile aliyoieleza Burkitt. Mama wa mwambao ana haki ya kuyajua haya. Mtoto wa miaka minne hadi minane, ambaye taya limeanza kufura, meno yake yakalegea bila kuoza, na uvimbe ukaongezeka kwa kadiri ya kuonekana siku hadi siku, asipelekwe kung'olewa meno yale, wala asingojewe amalize dozi tatu za rangi mbili. Saratani hiyo ni miongoni mwa zikuazo kwa kasi kuliko zote, lakini pia ni miongoni mwa zinazoitikia dawa kwa wepesi, na watoto wengi hupona wakiwahishwa. Tiba hutolewa Muhimbili na Bugando. Wiki tatu za kujaribu hiki na kile ndizo tofauti baina ya mtoto anayerudi shule na mtoto tunayemzika.

Wembe usio na hoja

Yapo pia mambo ambayo hutendwa kwa jina la nafuu na huzidisha dhara. Katika miaka ya 1980 ulienea nchini Tanzania uzushi wa meno ya plastiki: mtoto mchanga akiugua homa na kuhara, ufizi wake uliovimba husemwa kuwa umebeba meno ya uongo, nao huchokolewa kwa chombo kisicho safi, yakatolewa machipukizi ya meno ambayo Mungu ameyaweka yangoje wakati wake. Mtoto hubaki na kidonda, huwekwa katika hatari ya pepopunda na maambukizo ya damu, na meno yake ya baadaye huota yakiwa na kasoro. Na ile homa, ambayo pengine ilikuwa malaria, huendelea bila dawa. Hali ni hiyo hiyo kwa kimeo kikatwacho kwa sababu ya kikohozi kirefu, ilhali kikohozi kirefu chaweza kuwa kifua kikuu au kichomi. Wazazi hawa wanawapenda watoto wao kama mzazi yeyote. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha asili ya maradhi kabla mwenye wembe hajabisha hodi.

Wajibu wa nyumba na wa halmashauri

Tufanye nini basi? Katika nyumba, kila uvimbe wa kinywa utanguliwe na maswali manne kabla ya shilingi moja kutoka: umeanza lini, mgonjwa alikula, aligusa au alimeza nini kipya, jino gani limetoboka au limelegea, na je, kuna homa, shida ya kumeza au ya kupumua? Mwenye majibu haya, hata akienda duka la dawa, atasaidiwa vizuri zaidi, na muuzaji mwenye insafu atajua lini amwambie aende hospitali. Mzazi naye amtazame mtoto kinywani mara moja kila wiki, mchana, mdomo ukiwa wazi na midomo imeinuliwa.

Kwa upande wa serikali, dai letu si kubwa. Zahanati nyingi za vijijini hazina tabibu wa meno, na kwa mtu wa kijiji kinachofikiwa kwa boti, nauli ya kwenda mjini na siku za kukaa huko huipita gharama ya kung'oa jino. Lakini katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu waliokuwa Dar es Salaam walianzisha njia ya kuziba jino kwa vyombo vya mkono peke yake, bila umeme wala mashine: sehemu iliyooza hukwanguliwa, na saruji ya meno hushindiliwa kwa kidole. Njia hiyo ilitangazwa ulimwenguni na Shirika la Afya Duniani katika Siku ya Afya, tarehe 7 Aprili 1994, na sasa inatumika katika nchi nyingi. Je, ni haki kwamba maarifa yaliyozaliwa nchini mwetu yasifike Kasanga? Jino la pembe si dawa ya pengo. Jino lililozibwa mapema ni akiba ya maisha.

Naomba Halmashauri ya Kalambo impange tabibu wa meno, mwenye vyombo vyake vya mkono, avizungukie vijiji vya mwambao kwa tarehe zinazojulikana, siku za mbalamwezi wavuvi wanapokuwa nyumbani, na aanzie shuleni. Naomba wahudumu wa zahanati na wa ngazi ya jamii wafundishwe kukitambua kinywa kisichopasa kungojewa: taya la mtoto linalokua, fizi inayonuka, shingo iliyofura, ulimi ulionenepa. Hayo yote hayahitaji hospitali mpya. Yanahitaji ratiba, nauli na nia. Na kabla hayajatimia, kila mmoja wetu aweza kuanza leo kwa jirani aliyejifunga kitambaa shavuni, akamuuliza kwanza kilichomsibu, ndipo wazungumze habari ya dawa.